UZI: Riwaya za karne ya 19 za wanaume waliopendana, na ya kwetu Lamu ingeandikwaje

Mleta uzi (Mkomani, Lamu)

Assalam aleykum wenye mji, na wasio wa salamu hiyo hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka aurudie baada ya isha akishatulia.

Mimi ni msomaji sana wa riwaya za kihistoria, na kuna fungu moja ambalo najua humu ndani wako wanaolisoma ila hawasemi, zile za karne ya 19 ambazo wahusika wakuu ni wanaume wawili wanaopendana. Nyingi ni za London, za manowari za Kiingereza, za wachunga ng'ombe wa Marekani, Paris pia ziko. Nazisoma kwenye simu usiku mpaka chaji inakata. Nazipenda na sina haja ya kuficha kwanini, watu hawa kwenye makaratasi ya serikali walibaki na siku moja tu, siku waliyokamatwa. Mtu aliishi miaka yake thelathini arobaini, alikuwa na mama, alikuwa na chakula akipendacho, kuna mtu roho yake ilimwangukia, halafu karani wa mahakama akaandika ile siku moja na mengine yote yakafukiwa. Riwaya ikiwa nzuri inamrudishia hizo siku nyingine.

Ila kwa kusoma nyingi nimeona kitu kinachotenga nzuri na mbovu, na si lugha wala utafiti wa nguo na magari ya farasi. Ni hili, kati ya hawa wawili nani anaweza kusema sitaki na kesho yake akaamka salama? Utakuta ploti ni lodi na mtumishi wake wa chumbani, mwandishi anakuandikia macho yamekutana moyo ukaruka, na kumbe yule mtumishi mshahara wake, kitanda anacholalia, hata barua ya kumsifia akitafuta kazi kwengine, vyote viko mkononi mwa huyohuyo anayemtazama. Mwandishi mzuri anakaa hapo hapo penye ugumu, yule mbovu anaruka anaenda kwenye busu.

Nitoe kisa cha kweli mjue sisemi hewani. Tarehe 27 Novemba 1835 wanaume wawili, James Pratt na John Smith, walinyongwa nje ya gereza la Newgate hapo London, ndio wa mwisho Uingereza kunyongwa kwa kosa la mwanamume kulala na mwanamume. Walikutana kwenye chumba cha kupanga cha mzee mmoja William Bonell, mwenye nyumba na mkewe wakachungulia kwenye tundu la ufunguo, na hiyo ndiyo kesi yote, tundu la ufunguo. Pratt alikuwa na mke na watoto. Bonell naye akahamishiwa Tasmania huko mbali, na huko akafia. Hakimu aliyewapeleka kesini, Hensleigh Wedgwood, baadaye alimwandikia waziri kuomba wasinyongwe, na hoja yake moja ni kwamba hawa wameshikika kwa sababu ni maskini, tajiri ana chumba chake na mlango wake wa kufunga. Hiyo barua mimi nikiwa mwandishi ningeijengea riwaya nzima.

Baadaye sheria ikageuka geuka, 1861 kunyonga kukaondolewa kukawekwa kifungo cha miaka 10 hadi maisha, 1885 bunge likaongeza kifungu kingine cha miaka 2 ambacho hakikutaka hata ushahidi wa tendo lenyewe, na hicho ndicho kilichomfunga mwandishi Oscar Wilde Mei 1895, miaka miwili na kazi ngumu. Na waliosimamishwa kumshuhudia Wilde walikuwa vijana wa kazi za chini, wengine wana njaa zao. Sasa wapo waandishi wanaomfanya Wilde shahidi wa mapenzi na hao vijana hawana sura kabisa, na wapo waliowapa sura. Nadhani mmeshajua mimi niko upande upi.

Nina riwaya yangu nayoiandika, ya Lamu. Ndio sababu ya uzi huu. Nataka tuzungumze ingekuwaje ya kwetu.

Wa Langoni

Nimeketi na kahawa yangu, endelea. Lkn swali moja kabla hujaenda mbali, hiyo London ina polisi ina majaji ina tundu la ufunguo. Kwetu hapa wakati huo nani angemshika nani? Isije ikawa unachukua hofu ya kule unaivisha kanzu.

Mleta uzi

Swali lako ndilo kiini, Mola akuzidishie. Angalia miaka. 1885 London inaongeza kile kifungu, mwaka huohuo Wajerumani wanatangaza himaya yao Witu, hapa bara upande wa pili tu. Lamu yenyewe iko chini ya Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, kuna liwali na kuna kadhi. Sheria ya Kiingereza haijafika. Inakuja na himaya ya 1895, na haikuja moja kwa moja kutoka London, ilipitia Bombay, yaani ni kanuni ya adhabu ya India ya 1860 na kile kifungu chake cha 377 kinachohukumu jambo hilihili, wakailetea Afrika Mashariki, halafu 1930 ikatungwa ya Kenya yenyewe. Kwahivyo mhusika wangu wa mwaka 1888 akiogopa askari wa kiingereza mlangoni nimeandika uongo.

Anaogopa nini basi? Anaogopa ami zake. Anaogopa jina la nyumba. Anaogopa kukataliwa binti aliyeposa, maana ataoa, hilo halina mjadala, wote wawili wataoa. Na kwa kadhi nako mlango ni mwembamba, fiqhi ya Kishafi inataka mashahidi wanne walioona kwa macho yao, na huyo wa kwenda kuchungulia naye ana kosa lake, Suratul Hujurat aya ya 12, msipelelezane. Mwenye nyumba wa Pratt angeletwa mbele ya kadhi wa Lamu yeye ndiye angeanza kuulizwa wewe tunduni ulikuwa unatafuta nini. Sisemi kwamba jambo lilikuwa halali, msinitie maneno mdomoni. Nasema mji ulikuwa na stiri, yaani kufunikiana ya ndani, na stiri ina kanuni zake, na riwaya lazima ijengwe juu ya kanuni hizo na si za Newgate.

Halafu nyumba zenyewe. Anayezijua nyumba za mawe za Mkomani anajua ukitoka ndiani unaingia daka, pana baraza pande mbili, mgeni wa kawaida anaishia hapo. Ukivuka mlango wa nakshi unaingia tekani na njia inakata kona makusudi ili aliye nje asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ndio msana wa kwanza, yaani ukumbi mrefu, msana wa pili, mpaka ndani kwenyewe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti haizidi urefu wake. Kila ukuta ni hatua moja ya kumjua mtu. Na pembeni kuna sabule, chumba cha mgeni, mfanyabiashara aliyekuja na kaskazi analala hapo na kukaa miezi hadi kusi ivume arudi kwao. Mgeni mwanamume, chumba chake peke yake, mwenyeji ana haki na wajibu wa kwenda kumtazama. Nani atauliza? Mwanamume kumpenda rafikiye waziwazi hapa haikuwa ajabu, wanashikana mikono njiani, wanalala mkeka mmoja, wanapelekeana halud, yale mafuta ya manukato, na mashairi. Yaani penye London hatari inaanza kwa kuonekana pamoja, kwetu kuonekana pamoja ni adabu. Hatari inaanzia kwengine.

Wa Matondoni

Assalam aleykum. Nimesoma kwa utulivu sitaki kugombana. Lakini huu ni mji wa Habib Swaleh, mji wa Maulidi, wazee wetu wamelala kwenye makaburi yao hawawezi kujitetea. Jambo hili dini imeshalikata. Unapoandika riwaya unawavisha marehemu lisilojulikana kuwa walilifanya, na watoto wetu watasoma waseme kumbe hata zamani. Mimi nakuuliza kwa mapenzi ya ndugu, lazima ni nini?

Mleta uzi

Waaleykum salam ndugu yangu, na nakushukuru kuuliza badala ya kutukana. Mimi pia ni wa mji huu, Maulidi naenda, makaburi unayosema na wangu wamo. Simvishi marehemu yeyote anayejulikana, wahusika wangu wote ni wa kubuni na nyumba nimeibuni, hakuna ukoo utakaojikuta mle. Na sikuombi ubadilishe hukumu ya dini, fatwa si kazi ya riwaya.

Lazima yake ni hii. Kuna kijana sasa hivi mji huuhuu anajiona yeye ni wa kwanza tangu dunia iumbwe, anaambiwa jambo lake limeletwa na watalii na meli, na hilo ndilo linalomsukuma kukimbia nyumbani au kujidhuru. Akisoma kwamba binadamu wenye roho kama yake waliswali kwenye misikiti hii, walitunza mama zao, walipata shida zao na Mola wao wenyewe, hatakuwa peke yake. Unaweza ukabaki na msimamo wako wote na bado usitake yule kijana afe. Hapo nadhani tunakutana.

Wa Matondoni

Kufa hapana, hakuna anayetaka. Hapo tunakutana. Mengine nimekusikia, sijakubali.

Wa Mombasa

Mimi naingia kwa upande mwingine. Unavyoeleza hiyo stiri naona kama pepo, kila mtu na halud yake. Angalia usifanye zamani ikawa tamu kwa vile leo ni chungu. Leo tunajua tuko wapi, kanuni ya adhabu ya Kenya kifungu cha 162 miaka 14, cha 165 miaka 5, Mahakama Kuu 24 Mei 2019 ikasema vibaki. Msomaji aliyechoka na hayo atataka kukimbilia Lamu yako ya 1888, na ile haikuwa mahali pa kukimbilia kwa watu wengi sana.

Wa Malindi

Wa Mombasa asante, umenifungulia njia. Kakangu mleta uzi nimekufuata tangu juu, hilo swali lako la nani anaweza kusema sitaki ni zito na nimelipenda. Sasa lipeleke ndani ya hiyo sabule. Huyo mgeni na mwenyeji wako wameketi usiku, kuna kahawa. Kahawa imepikwa na nani? Maji ya kunawa kaleta nani, mlango kafunga nani, matandiko asubuhi kakunja nani? Mimi ni wa Malindi, mji wetu ulikuwa msitu, Seyyid Majid akaufufua mwanzoni mwa miaka ya 1860 na ukafufuka kwa jembe la watumwa, mtama na simsim ya kujaza majahazi. Bibi zetu wengine walikuja kwa njia hiyo. Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini 1873, lkn utumwa wenyewe pwani yetu umekuja kuondolewa 1907. Kwahivyo mwaka wako 1888 kila nyumba ya mawe ina watu wasiojimiliki. Usitupe stori ya wawili wakati chumbani wako watatu.

Wa Langoni

Loo. Hapo dadangu umetia mkono penyewe.

Mleta uzi

Wa Malindi, hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika na sikutaka kulisema mwanzo, nilitaka nione kama litajitokeza. Limejitokeza kwako.

Ukichukua ile ploti ya lodi na mtumishi ukaileta Lamu inakuwa mwungwana, yaani mtu huru wa ukoo, na mtumwa wake, na hapo kwangu hakuna mapenzi, basi. Mwandishi anaweza akaonyesha mtumwa anajiona anapenda, anaweza akaonyesha bwana analia, lakini neno sitaki halipo chumbani, na lisipokuwepo hilo hata neno nataka halina thamani. Nimesoma riwaya za Marekani za enzi za utumwa zinazojaribu na nyingi zimenishinda kumaliza. Kwahivyo wangu wawili wote ni huru. Mmoja ni karani, mwungwana wa Mkomani ambaye nyumba kubwa imebaki ukuta na jina, anaandikia watu barua na hati. Mwengine ni nahodha Mbajuni wa Faza, mtepe, chombo cha kushonwa kwa kamba, ni wa nyumba yao. Hawako sawa, mwungwana anamtazama Mbajuni kwa juu na nahodha analijua hilo, lakini nahodha ana kitu kimoja, akiudhiwa anang'oa nanga. Anaweza kuondoka. Uzuri wote wa kitabu unatoka hapo, kwamba kila msimu akirudi amerudi kwa hiari yake.

Na wa tatu yumo. Ni mzalia, mtumwa aliyezaliwa nyumba hiyo hiyo, umri sawa na karani, wamecheza pamoja utotoni kiwandani. Yeye ndiye anayepika kahawa. Anajua kila kitu. Ile stiri yote niliyoieleza hapo juu, kuta na kona na mlango, kwake yeye haipo kwa sababu yeye ndiye anayeipitia kila siku na birika mkononi. Siri ya bwana wake imo kifuani mwake na hana anayeweza kumwambia, maana neno lake mbele ya mji halina uzito na akilisema ni yeye atakayeuzwa. Karani anamwita ndugu, na hajamwandikia huru. Karani huyuhuyu anayejua kuandika hati, anayeandikia watu wengine hati za uhuru kwa ujira! Hati ya huyu mmoja kila siku ni kesho. Nimempa chapta nne kwa sauti yake mwenyewe na ndizo ninazoziamini kuliko zote.

Wa Malindi

Sawa. Sasa nakusoma. Na asiachiliwe huru mwisho wa kitabu ili karani aonekane mwema, nakuomba. Watumwa wa Malindi hawakungoja kuonewa huruma, walitoroka, wengine msituni, wengine kwa Ahmed Simba, sultani wa Witu, aliyewapokea, wengine Fuladoyo, kijiji cha watoro, wengine misheni Freretown karibu na Mombasa baada ya 1875. Mpe miguu yake.

Mleta uzi

Anatoroka chapta ya kumi na moja. Anaenda Witu, na 1890 Waingereza wanaichoma Witu na yeye yuko mle.

Wa Shela

Mimi naongeza moja nitoke. Kwa habari hiyo ya madaraka, hapa Afrika Mashariki kisa kinachotajwa sana cha karne ile ni cha Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na wale vijana wa ikulu, Namugongo 3 Juni 1886. Huwa napata tabu nikiona watu wa upande mmoja wanakifanya ni ushahidi kwamba jambo hili ni la shetani, na wa upande wa pili wanakifanya ni ushahidi kwamba Waafrika tulikuwa nalo kwa raha. Mfalme mwenye amri ya kuua na vijana waliolelewa jumbani mwake. Kipimo cha mleta uzi kinafaa hapo vilevile, waliosema sitaki ndio waliochomwa, pamoja na wengine ambao kosa lao lilikuwa ni ukristo na siasa za dini za wakati ule. Hadithi ya mapenzi hapo haipo.

Wa Faza

Nimeletewa linki hii na mtu anajua mimi ni wa bahari. Riwaya sisomi sana. Lakini umesema mtepe na nahodha wa kwetu kwahivyo nina haki. Weka kipande tuone kama unajua unachosema, wengi wanaandika majahazi hawajui foromali ni nini.

Mleta uzi

Hiki hapa, chapta ya pili. Ni kaskazi, barazani, karani na mteja asiyejulikana bado. Msinihurumie.

*Nahodha alikaa ukingoni mwa baraza kama mtu asiyetaka kuchafua. Mikono yake ilikuwa imekatika katika kwa kamba za kumbi, na alipoona karani anaitazama akaikunja ndani ya shuka.*

*"Nataka barua."*

*Karani akachonga kalamu, akatia wino. "Kwa nani?"*

*"Wewe andika, jina baadaye."*

*"Jina hutangulia. Barua haina kichwa bila ya jina."*

*"Acha nafasi."*

*Karani akaacha nafasi. Akaandika salamu, akaandika ya kwamba hali ni njema na kheri nyingi, kisha akainua macho angoje.*

*"Mwambie nimepakia boriti korja kumi na naondoka maji yakijaa. Mwambie msimu uliopita nilipita mlangoni kwake asubuhi na magharibi, sikuwa na kazi mtaa ule. Mwambie mwaka huu nimetafuta kazi ya kunipitisha. Nimeipata. Nina fedha ya barua moja."*

*Kalamu ilikuwa imesimama. Wino ukadondoka pembeni mwa mstari, ukapanuka, na karani hakuufuta.*

*"Imetosha?" aliuliza nahodha.*

*"Bado nafasi ya jina."*

*"Wewe ndiye unayejua kuandika," nahodha akasema, akaweka fedha juu ya baraza, akashuka ndia ya pwani.*

Wa Langoni

Sheikhe. Na hiyo ya jina kutangulia ni kweli kabisa, barua za zamani zinaanza na ila jenabi na sifa zote za anayeandikiwa kabla hujafika kwenye habari. Nahodha kumwachia nafasi pale juu ni kama kamwachia mlango wazi.

Wa Faza

Mikono ya kamba za kumbi ni sawa, mtepe umeshonwa hauna msumari hata mmoja, kila baada ya muda unashonwa tena na kamba zinakula mikono. Tanga la mkeka la pembe nne, usije ukampa tanga la jahazi. Na akipakia boriti asiwe anaondoka haraka hivyo, boriti zinakatwa mikokoni, zinaburutwa matopeni maji yakipwa, zinapakiwa maji yakijaa, ni kazi ya watu na siku. Mweke matopeni kwanza tumuone anafanya kazi. Mtu wa bahari ukimuona barazani tu hujamuona. Na hao waliokata boriti nao ni nani, dada wa Malindi atakuuliza.

Wa Malindi

Nishauliza kimoyomoyo 😄

Wa Mombasa

Mwisho unakuaje? Maana hizi riwaya nusu yake mmoja anakufa kwa kifua kikuu au anajitupa mtoni. Ukimzamisha nahodha nitakudai pesa yangu.

Mleta uzi

Hazami. Hilo niliapa kabla sijaandika mstari wa kwanza. Kufa kwao kumeandikwa vya kutosha, na mara nyingi ni mwandishi anatafuta radhi ya msomaji, anampa mapenzi kisha anaadhibu ili kila mtu alale vizuri. Na si kweli kwamba ndivyo ilivyokuwa lazima. Huko huko Uingereza ya Wilde kulikuwa na Edward Carpenter, mtu wa nyumba ya pesa, na George Merrill aliyekulia mitaa ya maskini ya Sheffield, walijuana 1891, tangu 1898 wakakaa nyumba moja na hawakuachana mpaka Merrill alipofariki Januari 1928, Carpenter akamfuata mwaka uliofuata. Miaka thelathini chini ya sheria ileile iliyomfunga Wilde. Walilima bustani, walipokea wageni, walizozana. Tabaka zao zilikuwa mbali na bado Merrill alikuwa na uwezo wa kutoka kwenye mlango ule, na hakutoka.

Kwangu mimi wanazeeka. 1888 Wajerumani wanafungua posta hapa Lamu, wanaifunga 1891, na katika miaka hiyo barua za nahodha kutoka Zanzibar zinakuja na stempu, jambo ambalo mji mzima unalizungumza na karani anaogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu barua iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono kwa watu wanaojuana sasa inapita dirishani kwa mtu asiyewajua. Halafu himaya, halafu sheria ya kutoka Bombay, na wanagundua wakiwa watu wazima wenye wajukuu kwamba kuna jina jipya la kosa na kuna askari wake. Stiri ya mji inaanza kuvuja si kwa sababu watu wamebadilika, ila kwa sababu aliyekuja anataka kuandika kila kitu. Hapo karani, mtu wa kalamu, ndio anaamua barua zake aziweke wapi. Na ile hati ambayo hakuiandika inamrudia pia, yule mzalia yuko hai, ana mji wake bara, na hana haja ya msamaha wa mtu.

Wa Matondoni

Nimerudi kusoma. Kipande cha barua umeandika vizuri, hilo nitalisema. Nakuomba moja tu, wake zao. Umesema wote wataoa. Hao wanawake wana haki ya kujua wameolewa na nani, na wao sitaki yao iko wapi?

Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo nalichukua kama lilivyo. Mke wa karani nilikuwa nimempa sura, nimempa kusoma, ametoka kwenye nyumba inayohifadhi tenzi na anaujua kwa moyo utendi ambao Mwana Kupona alimtungia bintiye 1858 wa namna ya kukaa na mume. Anautimiza wote, udi, kumpepea, maneno laini, na bado mume hayuko pale. Yeye lazima aongee kwa mdomo wake, na anachokijua akijue mapema kuliko msomaji anavyodhani. Mke wa nahodha kule Faza ndiye bado ananisumbua, mtu wa kuachwa miezi sita kila mwaka na bahari, huenda kwake yeye mume kuwa mbali si msiba.

Wa Faza

Si msiba. Bibi zetu walikuwa na mashamba yao na kauli yao, wanaume walikuwa wageni nyumbani. Ukifika hapo uniulize nitakupeleka kwa wazee wa kike Faza wakueleze vile nyumba inavyoendeshwa kusi ikiwa imefunga. Na hiyo chapta ya matopeni iandike kwanza kabla ya zote, uilete hapa niisome.

Mleta uzi

Naileta ijumaa ijayo inshallah, matopeni, na waliokata boriti wakiwemo.